Mhariri, Hapo kwenye Ukoga na Ugaga Mmechanganya

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Ile makala yenu ya afya ya kinywa nimeisoma, nikairudia tena nikidhani labda usingizi ndo unanisumbua, lakini wapi, mmeandika kabisa kwamba ugaga ni uchafu wa kawaida wa meno na mtu akikaza mkono kwenye mswaki siku mbili tatu unatoka wenyewe. Jamani. Mi siyo daktari, nasema mapema ili mtu asije akaniuliza dawa ya jino, mi ni yule wa chumba cha nyuma ambaye daktari akishamalizana na wewe faili lako linaletwa kwangu, nami nageuza maneno yake kuwa namba, zile wanazozitaka watu wa bima na watu wa takwimu. Kazini tunaziita kodi, na nyumbani nikisema leo nimeshinda kwenye kodi wanadhani nadaiwa na mwenye nyumba, kwa hiyo hapa ntasema misimbo, tuelewane.

Sasa tuanze na maneno maana hapo ndo mmeanguka. Kiswahili kimetupa maneno mawili na hayakuwekwa kwa bahati mbaya. Ukoga ni ule utando laini unaonata, ukiamka asubuhi ukipitisha ulimi unausikia, ukikwangua kwa ukucha unatoka mweupe-njano hivi. Watu wanadhani ni mabaki ya chakula, kumbe ni bakteria wamejenga mtaa wao hapo, wamejipanga kwa tabaka, na hata umalize kupiga mswaki sasa hivi baada ya saa chache wameshaanza kurudi. Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1683 alikwangua wa kwenye meno yake mwenyewe akauweka chini ya lenzi yake akaona vidudu vinaogelea, akaandika barua kuwaambia Royal Society, kile chama cha wanasayansi kule London, kwa hiyo kuandika barua kuhusu ukoga siyo mi niliyeanza.

Ugaga ni ule ukoga ukiachwa ukageuka jiwe. Mate yetu yana kalsiamu na fosfeti, basi yale madini yanaingia kwenye ule utando na kuugandisha, na haichukui muda mrefu, ndani ya siku moja hadi tatu kuganda kunaweza kuwa kumeshaanza na ndani ya wiki mbili hivi tayari una kitu kigumu ambacho mswaki unapita juu yake kama mvua juu ya mwamba. Ndo maana ukijiangalia kwenye kioo utaukuta zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu kwenye magego ya juu, kwa sababu mifereji ya tezi za mate inamwaga hapohapo. Huo ni wa juu ya fizi, una rangi ya njano au kama chokaa. Kuna mwingine unajificha chini ya fizi, mweusi au kahawia, umeng'ang'ania kwenye mzizi, wenyewe haupati madini kwenye mate, unapata kwenye majimaji yanayochuruzika kutoka kwenye fizi iliyovimba. Huo kwenye kioo huuoni hata ufungue mdomo kama mamba.

Kwa hiyo ushauri wenu wa kukaza mkono, Mhariri, hautoi ugaga hata kidogo, unachofanya ni kulisaga jino pale shingoni na kuisukuma fizi irudi nyuma, na kwa taarifa yako hilo nalo lina msimbo wake, K03.1, jino kulika kwa kusuguliwa, mswaki na dawa ya meno vikiwemo. Yani msomaji wenu anakuja na tatizo moja mnamrudisha nyumbani na mawili.

Lakini hicho siyo hasa kilichonifanya niandike, makosa ya magazeti nimeyazoea (samahani). Nimeandika kwa sababu lile neno "uchafu tu" nalikuta pia kwenye mafaili, limeandikwa na watu waliosomea, na nimeona linakomfikisha mgonjwa.

Ngoja niwaeleze huu msimbo. Katika ile orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, ugaga upo kwenye K03.6, yaani vitu vilivyogandana juu ya meno. Ukiufungua ndani unakuta ugaga wa juu ya fizi, ugaga wa chini ya fizi, madoa ya tumbaku, madoa ya tambuu, utando mweusi, wa kijani, wa machungwa, na ule uji mweupe laini unaokaa kwa mtu ambaye hajapiga mswaki siku nyingi. Wote chumba kimoja! Mvutaji sigara mwenye meno ya kahawia na fizi nzima kabisa ni K03.6, na mtu mwenye jiwe jeusi milimita tano chini ya fizi linalomsogeza kuelekea kung'oka jino naye ni K03.6. Msimbo hausemi ni upande gani, ni kiasi gani, wala fizi inasemaje, na tena familia yenyewe ya K03 ni ya magonjwa ya sehemu ngumu za jino, fizi wana nyumba yao jirani, K05. Waliliona hilo hukohuko WHO, mwaka 1995 wakatoa toleo la 3 la orodha ya meno peke yake, ICD-DA, inaongeza tarakimu ya 5 kutenganisha ukoga na ugaga na ugaga wa juu na wa chini, lakini ukiuliza mifumo mingi ya kompyuta inaijua hiyo tarakimu, kimya.

Ukisikia daktari kaandika K03.6 basi ujue kaandika kilichokaa juu ya jino. Hajaandika ugonjwa wa fizi. Fizi ikivimba na kutoa damu kwa sababu ya ukoga hiyo ni K05.1, na Wamarekani kwenye toleo lao wameikata zaidi, K05.10 ni ile iliyoletwa na ukoga na K05.11 ni ile ambayo haikuletwa na ukoga. Mfupa unaoshika jino ukishaanza kuliwa tunahamia K05.3. Na ukienda na jino lenye rangi iliyotoka ndani ya jino lenyewe, siyo iliyobandikwa juu, hapo K03.6 haihusiki kabisa, meno yenye mabaka ya floraidi kwa mfano ni K00.3, na nimeshaona mtu ametupiwa K03.6 kwa meno ya namna hiyo akasafishwa na kusafishwa na rangi iko palepale, angesafishwa mpaka kesho.

Sasa kisa. Kuna mama mmoja, sitamtaja wala kliniki sitaitaja, alikuwa anakuja kusafishwa meno kila mwaka kwa utaratibu mzuri tu. Mara ya kwanza faili limeandikwa "ugaga, kasafishwa". Nikaweka K03.6. Mara ya pili "ugaga, kasafishwa", K03.6. Mara ya tatu nadhani hata hawakuandika, mfumo wetu una kitufe cha kunakili ziara iliyopita na mtu alikibonyeza, alafu nami nikapitisha, mkono wangu huu. Mwaka wa nne akamkuta daktari mgeni, kijana, akachukua ile fimbo ya kupimia fizi akaanza kuzunguka jino moja moja anaita namba na msaidizi anaandika, tatu, tatu, sita, saba, tano, damu, damu, sita. Namba hizo ni milimita za kina cha mfuko, yaani ile nafasi kati ya fizi na jino. Fizi yenye afya inapimika moja hadi tatu. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeshuka na jino moja la chini lilikuwa linacheza ukiligusa.

Akaandikiwa kusafishwa kwa kina chini ya fizi, robo kwa robo ya mdomo. Tukapeleka madai bima. Yakarudi. Na sababu waliyoitoa ilinifanya nikae chini, walisema miaka mitatu mfululizo mmetuletea kwamba huyu ana vitu vimegandana kwenye meno, hamkuwahi kutaja fizi, leo ghafla ugonjwa wa mfupa umetoka wapi? Na walikuwa na haki ya kuuliza! Yalipita baadaye, baada ya kupeleka chati nzima ya vipimo na zile picha, lakini yule mama alikuwa ameshapiga foleni mara mbili bure, na mfupa ukishaondoka haurudi kwa kusafishwa.

Mtu atasema si ungerekebisha wewe. Siwezi. Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba unaweka msimbo wa kilichoandikwa, hugundui ugonjwa. Hata nimwone mtu anatema damu nje pale kwenye sinki, kama faili linasema ugaga basi ni ugaga. Ninachoweza ni kurudisha faili na swali, na mwaka ule sikurudisha, hilo nalibeba.

Kwa hiyo madaktari wa meno wanaosoma gazeti hili, na najua mnalisoma maana naliona pale mapokezi, hebu tusikilizane. Kuona ugaga ni kazi rahisi kuliko mnavyoifanya ionekane. Ule wa juu, kausha jino kwa upepo na taa iwe nzuri, utauona umekaa kama chokaa. Ukoga wenyewe hauonekani vizuri kwa sababu una rangi ya jino, mpe mgonjwa kidonge cha rangi atafune, ule wekundu utabaki pale ukoga ulipo na mgonjwa mwenyewe ataona aibu yake kwenye kioo, hakuna hotuba inayoshinda hiyo. Wa chini ya fizi huo unaupapasa na chombo chenye ncha, unasikia mkwaruzo kama wa kucha kwenye sufuria lenye ukoko. Eksirei inasaidia, wakati mwingine unaona kama miiba midogo pembeni ya mzizi, lakini usipouona mwiba usiniandikie hakuna ugaga, mwingi hauonekani kwenye picha.

Na ukishaona andika ni kiasi gani. Vipimo vipo toka zamani. Greene na Vermillion mwaka 1964 walitoa kipimo cha meno sita tu, sifuri hadi tatu, ugaga usiozidi theluthi ya jino ni moja, ukizidi hapo hadi theluthi mbili au vikiwepo vipande vidogo chini ya fizi ni mbili, ukipita hapo au ukiwa umezunguka shingo ya jino kama mkanda chini ya fizi ni tatu. Dakika mbili hazifiki. Mwaka huohuo Silness na Löe wakatoa cha ukoga, nacho sifuri hadi tatu. Mnavijua, mlivifanyia mtihani, mkishapata cheti mnaviacha mlangoni.

Ila cha kukazia zaidi ni ile fimbo ya kupimia. Huyo Löe, Harald Löe, mwaka 1965 alichukua watu 12 wenye fizi nzima akawaambia acheni kupiga mswaki, hicho tu. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zimevimba. Wakarudishiwa miswaki, fizi zikapona. Mi huwa napenda sana hiyo habari kwa sababu inakuonyesha nani mwenye kosa, ni ukoga, ule laini, ndo unaochoma fizi. Ugaga kazi yake kubwa ni kuwa nyumba, una uso wa mikwaruzo ambao ukoga unaning'inia na mswaki haufiki. Hata WHO kwenye uchunguzi wao wa afya ya kinywa walikuwa na kipimo cha fizi ambapo 0 ni mzima, 1 ni damu, 2 ni ugaga, 3 na 4 ni mifuko ya fizi yenye kina, kama ngazi hivi, na toleo la 5 la mwongozo wao, la mwaka 2013, wakautoa ugaga kwenye hesabu, wakabakiza damu na kina cha mfuko. Maana ilikuwa inatokea mtu mwenye ugaga kidogo nyuma ya meno ya chini anahesabiwa amezidi mwenye fizi inayovuja damu mdomo mzima, haiingii akilini.

Sasa kama wakubwa wamekubali kwamba ugaga peke yake hauelezi hali ya fizi, kwa nini faili lako linaishia hapo? Fimbo ile ina kitufe cha duara cha nusu milimita kwenye ncha na mkanda mweusi kuanzia milimita 3.5 hadi 5.5, mkanda ukianza kuzama unajua kabisa hapa siyo pa kuandika ugaga-kasafishwa. Niandikie hivi tu, fizi imevimba sababu ya ukoga, inatoa damu sehemu kadhaa, mifuko haizidi milimita tatu, ugaga wa juu meno ya mbele ya chini. Sentensi moja! Hapo mi naweka K05.1 mbele kwa sababu ndo ugonjwa, na K03.6 inafuata nyuma kama kilichoambatana nayo, na mwakani daktari mwingine akifungua anajua ulipoanzia.

Kuna na upande wa huduma, ambao nao unachanganywa sana. Msimbo wa ugonjwa unasema una nini, msimbo wa huduma unasema umefanyiwa nini, na vinatakiwa vielewane kama mke na mume. Wamarekani wana orodha yao ya huduma za meno, D1110 ni kusafisha kwa kawaida kwa mtu mzima, D4341 ni kukwangua na kulainisha mizizi kwenye robo ya mdomo yenye meno manne au zaidi yaliyoathirika, D4342 ni ile ya jino moja hadi matatu, D4355 ni pale ugaga umejaa mpaka daktari hawezi hata kuchunguza, kwa hiyo anaondoa kwanza alafu anachunguza siku nyingine. Kwa miaka mingi palikuwa na shimo hapo katikati, mtu fizi zimevimba vibaya lakini mfupa mzima, akiwekwa D1110 kazi haikulipwa inavyostahili, akiwekwa D4341 ni uongo, ndo wakaongeza D4346 mwaka 2017. Nalitaja hili kwa sababu hata sehemu zisizotumia orodha hiyo kasheshe ni lilelile, utakuta huduma imeandikwa ya mizizi na ugonjwa umeandikwa K03.6 peke yake, na mtu wa bima akiona jina la mizizi anatafuta namba za mifuko na picha ya mfupa, asipozikuta anarudisha. Siyo roho mbaya, ndo kazi yake. Na mwingine anafanya kinyume makusudi, ugaga kidogo anaupa jina la ugonjwa wa mfupa ili alipwe zaidi, huo ni wizi, na mgonjwa anabaki na historia ya ugonjwa ambao hana.

Wasomaji wa kawaida nanyi msinikimbie. Ukikaa kwenye kile kiti ukimaliza kusafishwa uliza mifuko yangu imepimwa, ni milimita ngapi, na umeniandika nini. Ukijibiwa "uchafu tu" uliza tena. Ukiona damu kwenye mswaki usiache kupiga, wengi wanaacha sehemu inayotoa damu wakidhani wameiumiza, wanaupa ukoga nafasi ya kujenga. Alafu kuna hii ya kwamba kusafisha meno kunayalegeza, naisikia kila siku, mtu anakwambia jirani yangu alienda kukwanguliwa akatoka meno yanacheza. Meno yalikuwa yanacheza kabla, mfupa umeshaliwa, ila ule ugaga ulikuwa umeyashikanisha kama saruji na fizi imevimba imeziba mapengo, ukiondoa jiwe unauona ukweli uliokuwa chini yake, kisha analaumiwa aliyekwangua badala ya miaka kumi ya kutokwangua. Na hapo mchezo wa jino wenyewe mara nyingi unapungua uvimbe ukishashuka.

Mhariri, nakuomba hiyo sentensi ya kukaza mkono kwenye mswaki muirekebishe toleo lijalo, siyo kwa herufi ndogo pale chini ya matangazo ya vifo, muiweke palepale ukurasa wa afya. Mkitaka namba niulizeni nitawapa, ila jino msiniulize.

Yule mama bado anakuja kila miezi mitatu. Lile jino la chini lilibaki, limefungwa na wenzake kwa waya mwembamba kwa nyuma, na faili lake sasa ni nene, limejaa namba za milimita mpaka nachoka kuziingiza. Juzi kati, zile nne nyingi zilikuwa zimeshuka hadi tatu. Kile kitufe cha kunakili ziara iliyopita niliomba wakiondoe, bado kipo, mi nimebandika karatasi juu yake kwenye skrini.

Ni mimi,
Mwingiza misimbo
(jina nimelihifadhi, bosi naye anasoma gazeti)